Mama Spana, Aliyeyafungulia Maji Njia

Marehemu mama yetu, aliyejulikana na wengi kwa jina la Mama Spana, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, binti wa pili wa baba dobi na mama aliyepiga pasi. Kisima cha mtaa wao kilitoa maji magumu, yaliyomaliza sabuni bila kutoa povu na kuacha ukoko mweupe wa chokaa kwenye kila chombo. Akiwa mdogo aliamua kuubandua ukoko wa birika kwa msumari, akagonga mpaka birika likatoboka. Mama yake hakumchapa. Alimwambia tu, "Umelitoboa wewe, utaliziba wewe." Binti akalibeba hadi kwa fundi wa kulehemu, akamganda mpaka akafundishwa, na jioni hiyo familia ikanywa chai kutoka birika hilohilo.

Alisoma shule ya msingi na sekondari karibu na nyumbani, na mwaka 1976 akajiunga na chuo cha ufundi. Walimwandikisha ushonaji. Yeye akaenda kukaa darasa la mabomba. Alitolewa, kesho yake akarudi, akatolewa tena, akarudi tena, hadi mwalimu akachoka kabla yake na kumpa msumeno wa chuma akate bomba kama wenzake.

Aliajiriwa na idara ya maji mwaka 1979, na baadaye akafungua karakana yake. Huko ndiko alikopata jina, maana spana haikumtoka mkononi hata akisalimia watu. Wateja walipolalamika kwamba maji yanatoka kwa kudondoka, hakukimbilia kubadilisha koki. Alianza kufungua bomba aone ndani.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na fundi mwenzake, baba yetu, ambaye tuko naye hapa. Walipendana sana na waligombana sana, na ugomvi wao ulikuwa mmoja: baba aliamini mabomba ya chuma, mama aliamini ya plastiki. Nyumba yao ilitandazwa chuma. Miaka ikapita, maji ya jikoni yakawa uzi. Baba akalaumu tangi, akalaumu majirani, akalaumu hata mashemeji waliokuja kutembea. Siku moja baba akiwa kazini, mama alikata kipande cha bomba la jikoni, akakipakua kwenye sahani ya baba na kukifunika kawa. Baba alifunua, akachungulia. Kutu na chokaa vilikuwa vimeziba tundu, hata penseli isingepita. Akasema, "Basi, mke wangu. Weka plastiki yako." Mama alimpa chakula. Akamweleza pia kwamba plastiki haiponyi maji magumu, hita bado itahitaji kusafishwa kwa siki, na kazi hiyo ni ya baba. Ameifanya mpaka leo.

Mwaka 2016 alikuwa akibadilisha mabomba ya wodi ya wazazi katika hospitali ya mji, ambako wakunga walikuwa wakibeba maji kwa ndoo huku akina mama wakijifungua. Kazi ikiwa nusu, akapigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi. Daktari alimwambia astaafu. Sisi watoto tulimbembeleza, na wifi zake wakaja kumshauri. Alitusikiliza wote, kisha akasema, "Mkono ndio uliokataa. Mimi sijakataa."

Alianza kukaza nati kwa mkono wa kushoto, akiwa kitandani, kwenye kipande cha bomba alichofungiwa mezani. Aliangusha spana, akaiokota, akaiangusha tena. Alipoweza kukaza bila kuvuja, alirudi wodini akichechemea, kifungua mimba wake, dada yetu, akimshikia bomba na yeye akikaza. Wakamaliza. Mkunga mkuu alifungua koki, maji yakaja kwa nguvu, akanawa mikono hadi viwikoni. Dada yetu alilia. Mama aliinama kuangalia kama chini ya sinki panavuja.

Aliishi na kazi yake hivyo miaka mingine. Mei mwaka huu, 2024, nguvu zilimpungua, na asubuhi ya Jumapili tarehe 9 Juni alimwomba baba amfungulie dirisha na kumletea chai. Baba aliporudi na kikombe, kiharusi cha pili kilikuwa kimeshamchukua.

Ameacha mume, dada yake mkubwa, watoto watatu na wajukuu. Ameacha pia wodi ya watoto katika hospitali ileile, ambayo bado ina mabomba ya chuma ukutani. Kifungua mimba wake anakwenda kuyatoa Jumatatu, na baba amesema atamshikia bomba.

Mungu ampe mama yetu pumziko alilolikataa kwa muda mrefu, na alale kwa amani.