Inas Ajifunza Kuomba Cheo

Ndani ya behewa la wanawake la metro ya Kairo, Inas alikuwa akirudia maneno ya kumwambia mkurugenzi: baada ya miaka tisa ya kuwafundisha kazi wakuu wapya wa idara, sasa anaomba ukuu huo yeye mwenyewe. Alidhani anayasema kimoyomoyo.

"Unaomba cheo au unaomba radhi?" akauliza hajja mmoja, bibi mzee asiyemjua, aliyeketi ubavuni mwake. "Kaza sauti. Sema, 'Nastahili!'"

"Nastahili," Inas akanong'ona.

"Hata huyu anayesinzia hajashtuka. Tena!"

"Nastahili!"

Behewa zima likageuka. "Jamani, mpeni hicho cheo tupumzike," akasema mwanamke aliyesimama mlangoni.

"Mimi nilikuwa mkuu wa shule miaka ishirini," hajja akajigamba. "Ni ujasiri tu, binti yangu."

"Kwani wewe uliombaje, hajja?"

Hajja akaweka mtandio wake sawa. "Mimi? Mjomba wangu alipiga simu wizarani."

Inas akamkodolea macho, hasira zikampanda. Treni iliposimama kituo cha Dokki, alishuka na kupanda ngazi mbili mbili, hasira zisije zikapoa kabla hajafika ofisini.