Mzee Njagi wa Njeru: 1941–1978, Kisha 2011

Serikali ilitangaza, kwa waraka uliosomwa barazani Kibugu tarehe 12 Machi 1981, kwamba rejista ya vizazi na vifo ndiyo neno la mwisho kuhusu nani yuko hai na nani hayuko, na kwamba wananchi wana imani kamili nayo. Waraka huo ulisomwa na naibu chifu, Mzee Njagi wa Njeru, ambaye kwa mujibu wa rejista hiyo alikuwa amefariki mwaka wa 1978. Ndiye tunayemzika leo.

Mzee Njagi alizaliwa hapa Kibugu, mwana wa kwanza wa Njeru na Rwamba. Kitambulisho kilisema tarehe 1 Januari 1941. Mamake alisema ilikuwa katikati ya kupalilia, na hakuna anayepalilia Januari. Kama ilivyo desturi yetu, mwana wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, naye babu alikuwa Njagi mwana wa Njeru. Basi boma moja likawa na Njagi wa Njeru wawili, na nyumbani jambo hilo halikumchanganya mtu.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1950 hadi 1957. Kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri, mwalimu alimkabidhi daftari la mahudhurio. Inasemekana siku moja aliugua, na darasa zima likahesabiwa kuwa halikufika.

Tarehe 20 Agosti 1966 alifunga ndoa kanisani na Jedidah Kagure, na Mungu akawajalia watoto wanne.

Aliteuliwa naibu chifu mwaka wa 1974, na kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kuandika vizazi na vifo. Babu yake alipofariki tarehe 6 Juni 1978, aliandika kifo hicho mwenyewe, kwa wino mweusi, bila kosa hata moja. Babu hakuwahi kuwa na kitambulisho. Ofisi mjini ilitafuta Njagi Njeru wa Kibugu, ikampata mmoja tu, ikamfuta. Idara iliyomwajiri haikuwa na rejista hiyo, kwa hiyo iliendelea kumwona kazini.

Alienda mjini kurekebisha.

"Mzee, leta uthibitisho kwamba uko hai," karani akamwambia.

"Si nimekuja mwenyewe?"

"Wewe si stakabadhi, Mzee. Leta barua ya naibu chifu wa kwenu."

"Naibu chifu ni mimi."

"Basi kuna shida. Barua ya marehemu hatupokei."

Kwa miaka kumi na minane hakutulia. Kila Jumanne isiyo na baraza alivaa koti, akaenda Embu, akarudi. Jioni mkewe, Mama Njeru, alimwita kutoka jikoni: "Baba Njeru, hata marehemu hula. Njoo!" Hapo alicheka. Kwingine hakucheka.

Alipoenda kumwaga pombe haramu ya Njoki, mama huyo alimpokea kwa mikono miwili. "Pole kwa msiba, Mzee. Ulituacha lini? Na amri hii umeitoa ukiwa upande gani?" Watu wakaangua kicheko, na pombe haikumwagwa. Alipoagiza matuta yachimbwe, waliuliza kama marehemu atakuja kuyakagua. Lakini kilichomuumiza ni jirani yetu Alice, aliyejifungua mwaka wa 1982. Alimzuia mlangoni na daftari lake.

"Mtoto wangu aandikwe na mkono wa maiti? Hapana, Mzee. Sikuchukii, lakini hapana."

Wengine wakamfuata Alice. Kwa mujibu wa rejista, mwaka wa 1983 hakuna mtoto aliyezaliwa katika kata ndogo nzima. Mwaka wa 1989 shule ililazimika kugawa darasa la kwanza mara mbili.

Alistaafu mwaka wa 1996, akarudi kwenye majani chai yake. Ugonjwa wa sukari ulimpata 2004. Alipolazwa mara ya mwisho, alimwomba muuguzi amwonyeshe alichoandika. Muuguzi alikuwa ameandika kwamba mgonjwa amelala vizuri. Mzee alisoma mara mbili, akaomba nakala. Alifariki tarehe 9 Agosti 2011, alfajiri, mikononi mwa Mama Njeru.

Ofisi imetujibu kwamba mtu huyo alikwisha kufariki, na kibali cha pili cha mazishi hakitolewi.

Mzee Njagi amemwacha mjane, Jedidah Kagure, ambaye sasa ni mjane kwelikweli. Watoto Njeru, Rwamba, Mukiri na Njoroge. Wajukuu kumi na mmoja, akiwemo Njagi wa Njeru, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja, aliyeketi safu ya mbele. Familia inaomba ijulikane kwamba huyo yuko hai.

Mzee wetu apumzike sasa. Amezunguka vya kutosha.

Naibu chifu wa sasa amekuwa nasi tangu asubuhi. Hajauliza kibali. Sururu iliyochimba kaburi ni yake.