Kioo Nilichokisugua Mimi

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne kazini, na tarehe thelathini mwezi huu Mzee wa Darubini anarudisha funguo za kituo chetu cha kutazamia nyota. Vijana wa ofisini walitaka aandikiwe na msomi. Nimekataa. Mimi ni mfagiaji wa hapa, bibi wa wajukuu saba, darasa la nne nililiacha katikati, lakini mtu huyu ninamjua kuliko faili lake linavyomjua.

Aliingia akiwa fundi msaidizi, akakabidhiwa darubini mbili. Moja ni ya lenzi: bomba refu jembamba, limezibwa, vumbi halipati pa kupenya. Ukitaka mashimo ya mwezi au pete ya Zohali, hiyo ndiyo yako; picha yake kali kama wembe, ingawa nyota ing'aayo sana huivika ukingo wa zambarau. Ya pili ni ya kioo: bomba nene kama pipa, wazi juu, na chini kabisa kioo kipana kama sinia. Hiyo huzoa mwanga mwingi, ikaona na vile vinyota hafifu vinavyomshinda mwenzake. Lakini inadeka: isubiriwe ipoe, vioo vyake vilinganishwe, vumbi liogopwe.

Wageni humuuliza ipi bora. Jibu lake halijabadilika: kwanza uniambie unataka kuona nini. Nyie mliosoma mngeanza na swali hilo, mabishano yenu yangepungua nusu.

Mwenyewe aliipenda ya kioo. Aliilinganisha akiimba puani, shati limechomoka, akiitwa kula hasikii. Siku moja alimwonyesha mkaguzi aliyekuja kuhesabu viti Kilimia, kile kishada cha nyota. Mkaguzi akasahau viti.

Sasa nisikilizeni. Miaka kumi na miwili iliyopita kioo kile kilikutwa kimeharibika. Ni mimi. Nilikuta bomba halikurudishiwa kifuniko chake, kioo kina vumbi, nikaona ni aibu kwa mfagiaji. Nikakisugua kwa sabuni na kitambaa cha madirisha. Sikujua kwamba cha darubini hupakwa mng'aro wake kwa juu, si kwa nyuma kama cha kabatini. Nilisugua mpaka ukabanduka, na nikajisifu.

Mkuu wa wakati ule alipouliza, Mzee alisema bomba aliliacha wazi yeye, kwa hiyo kosa ni lake. Mimi nilikuwa nalea wajukuu wawili wasio na mama. Nikanyamaza. Akapewa barua ya onyo, na ukuu wa kitengo ukaenda kwa mtu aliyefundishwa na yeye. Kioo kilipelekwa kupakwa upya, kikarudi kizima. Barua ikabaki.

Mimi aliniambia neno moja tu: "Dada, hiki hakifutwi, kinapulizwa." Akanionyesha kwa kipira cha kupulizia. Hajalitaja tena hadi leo.

Mkuu wa sasa, nimeandika kwenye karatasi ya sherehe ili usije ukasema hukusikia. Barua ile itoke kwenye faili lake kabla hajarudisha funguo. Kama lazima pawe na barua, iwe na jina langu. Sahihi najua kutia.

Nawe mdogo wangu, ahsante. Kapumzike, macho yako yabaki na nuru, na anga la kwako lisikose nyota. Kioo usikihofie. Nimekipuliza.