Uongo Niliousambaza Nyumba Mbili

Sogeeni karibu, wanangu, mnisikilize leo bila kunikatiza, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kubania.

Nyumba hii ni yenu nyote watatu, msiiuze. Cherehani achukue kaka yenu, mcheke msicheke, ndiye pekee kati yenu anayejua kushona kifungo kikakaa.

Sasa wewe, kitindamimba wangu, acha kuangalia dirishani, nitazame mimi. Unakumbuka ulivyokuwa ukimfuata mjomba wako kwenye kazi zake za bomba, unarudi umelowa hadi magotini, meno yote nje? Ulipomaliza shule ulitaka akufundishe ufundi. Nikakuambia amekataa, eti hafundishi wanawake. Hakusema hivyo. Naye nikamwambia umesema huwezi kunuka vyoo vya watu kama anavyonuka yeye. Mdomo huuhuu, siku moja, nyumba mbili. Mkanuniana miaka kumi na minne, nami nikiwamiminia chai katikati kama sijui kitu.

Nilitaka yule jirani yetu tunayemwita Redio akuone umekaa nyuma ya kioo cha benki, kucha zimepakwa rangi. Alikuona, roho ikamuuma, mimi nikalala usingizi mtamu. Mwezi uliopita wamekuachisha kazi, kwa kuwa wateja sasa wanabonyeza simu na shughuli inaisha. Tangu hapo unalia bafuni umefungulia maji, unadhani sisikii.

Dada yako anasema ukasomee kazi nyingine ya ofisini. Fikiri kwanza, mwanangu. Mashine inayohesabu kukushinda nimeiona. Ya kujipenyeza chini ya sinki la mtu, ikapapasa bomba lililooza gizani huku ikimtuliza mwenye nyumba anayepiga kelele, hiyo sijaiona. Labda nayo itakuja, mimi sijui. Ninalojua ni kwamba kazi hiyo uliipenda, nami nilikunyang'anya ili nipate cha kuringia.

Nisamehe... hapana, usijibu sasa.

Mjomba wako yuko sebuleni. Nimemweleza yote asubuhi. Akaniuliza, "Dada, mikono yake bado ina nguvu?" Hakuuliza kingine.

Nipeni maji... basi, yanatosha. Msigombane. Mungu aibariki mikono yenu, na yako wewe kwanza, hata ikinuka. Haya, nenda kwake. Na mlango... uache wazi kidogo, nisikie mnasema nini.