Tarehe 31 Juni

Habari za kuzaliwa kwa marehemu, kaka yetu wa pili, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Sekunde, tulisimuliwa kwanza na shangazi mwaka 1991, nasi tukaziandika siku hiyohiyo: alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Agosti 1968, saa nne asubuhi, mtoto wa mpiga chapa na mkunga.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, sekondari hadi 1986, akapata cheti cha kompyuta mwaka 1990, na mwaka uliofuata akaajiriwa na kampuni ya programu za hospitali, ambako kazi yake ilikuwa kugeuza tarehe na saa za kalenda kuwa hesabu moja ya sekunde, zinazohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1970, na kwa kuwa yeye alizaliwa kabla ya hapo, wenzake walimtania kwamba umri wake ni wa hasi.

Alifunga ndoa tarehe 3 Desemba 1994, wakajaliwa mabinti wawili, 1996 na 1999.

Juni 2008, karani wa hospitali moja aliteleza kidole, akaandika miadi ya fundi cherehani, mgonjwa wa moyo, kuwa tarehe 31 Juni badala ya 21, na mashine, badala ya kuikataa siku isiyokuwepo, ikaisogeza kimyakimya hadi tarehe 1 Julai, ikamtumia mgonjwa ujumbe wa siku hiyo, naye akafariki tarehe 27, dawa zikiwa zimemwishia. Karani alifukuzwa. Kaka yetu alikuwa ameiona kasoro hiyo ya programu yake tangu Machi, akasema ataishughulikia wiki ijayo, asiishughulikie, na ingawa mkewe alimsihi awafikirie watoto, tarehe 14 Julai aliandika barua ya kurasa mbili, akakiri, akaachishwa kazi, na Septemba karani akarudishwa. Kwa watoto wa fundi cherehani alikwenda mara mbili, mlango haukufunguliwa, wala hatuna la kuwalaumu.

Tangu hapo alitengeneza kompyuta sebuleni kwake, hadi alipougua ini Februari 2023, akafariki Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024, saa tisa alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliopokezana kukesha naye, na wenzake wa zamani kazini.

Kati ya tuliowataja, wazazi na shangazi wametangulia, wako hai mjane, mabinti wawili, karani, aliyeomba kulibeba jeneza, na watoto watatu wa fundi cherehani, ambao tuliwapelekea taarifa ya msiba, hawajajibu.

Kaka, pumzika sasa, amani iwe nawe.