Kaka Aliona Njano

Waombolezaji wenzangu, mliopata viti na mliosimama kwa kukosa viti, mimi ni dada wa marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, muuguzi mstaafu, na familia imeniteua nisome maisha yake kwa sababu wanasema sauti yangu haitetemeki, na kweli haitatetemeka. Karatasi hii ameiandika mwanawe mkubwa, mwanasheria, ameiandika vizuri kama anavyoandika kila kitu, nami nitaisoma kama ilivyo, isipokuwa mahali pamoja ambapo inasema uongo, na nikifika hapo nitaikunja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, saa mbili asubuhi, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yetu, fundi seremala, akiwa mtoto wa pili wa mama yetu, aliyekuwa akifua nguo za watu. Tangu utotoni hakupenda kuambiwa, akiambiwa pasi ina moto anaigusa, na akiungua anasema pasi imekaa vibaya.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akamaliza mwaka 1970, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1976, akiwa wa kwanza darasani kila mwaka isipokuwa mmoja, ambao nyumbani tulikatazwa kuutaja, kisha akasomea udaktari kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, na upasuaji wa watoto kuanzia mwaka 1986 hadi tarehe 30 Novemba 1990. Ni yeye aliyenikalisha kwenye benchi la karakana akanifundisha hesabu mpaka nikaingia chuo cha uuguzi, na hilo namshukuru mbele yenu, kwa sababu mengine sitamshukuru.

Aliajiriwa hospitali ya rufaa tarehe 7 Desemba 1990, akawa mkuu wa kitengo cha upasuaji wa watoto mwaka 1999, akastaafu tarehe 14 Machi 2017, na katika miaka hiyo aliwapasua watoto zaidi ya elfu nne, wengi wao wazima mpaka leo, wengine nawaona hapa wana ndevu. Kabla ya kumgusa mtoto alikuwa akipasha viganja vyake moto kwapani, hata kama foleni imefika getini, ndiyo maana mkamwita Mkono, na alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na baba.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986 na wifi yangu huyu, mfamasia, wakajaliwa watoto wawili wa kiume, mwanasheria mwaka 1988 na mwalimu mwaka 1991. Wifi, miaka thelathini na mitano uliyokaa na mtu asiyekosea ni kazi, pole, na wala sikutanii.

Sasa nimefika penyewe. Karatasi inasema, nanukuu, marehemu alipinga matibabu ya kupitia skrini kwa sababu ya upendo wake mkuu kwa watoto, mwisho wa kunukuu. Naikunja hapa. Najua marehemu hasemwi vibaya, najua mlitaka nifunike kombe mwanaharamu apite, lakini kombe hili nimelifunika karibu miaka kumi na miwili na ndani yake kuna mtoto.

Tarehe 9 Agosti 2010, saa tisa alasiri, nikiwa zamu katika kituo cha afya nilikofanyia kazi, mwendo wa saa tano kwa gari kutoka kwa kaka, binti yangu, fundi cherehani, aliniletea mwanawe wa kwanza, wa siku kumi na moja, aliyeanza kutapika mchana ule ule. Alikuja mbio kwa miguu, kidole bado kina uzi. Matapishi yalikuwa ya kijani, kijani cha majani mabichi, na kila muuguzi anafundishwa kwamba mtoto mchanga akitapika kijani huenda utumbo umejisokota, ni wa kupasuliwa saa hiyo hiyo, hakuna kesho. Nikampigia kaka, nikamwambia ni kijani. Akasema nimtumie picha. Nikakitandaza kitambaa karibu na dirisha, dirisha lina pazia la njano, jua limeelekea huko, nikapiga kwa simu, nikatuma.

Akanipigia akasema, naona njano hapa, hayo ni maziwa tu, mama yake amemshindilia, mlete kesho asubuhi nimwangalie. Nikasema, kaka, kitambaa ninacho mkononi, ni kijani. Akasema, na hivi ndivyo alivyosema, “Nani daktari, mimi au wewe? Picha haina wasiwasi, wewe una wasiwasi, ni bibi yake.” Gari la wagonjwa lilikuwa uwanjani, tangi limejaa, dereva amelala kwenye kiti na viatu amevivua. Nikaenda nikamwamsha, nikamwambia arudi nyumbani.

Nimeshawahi kujiambia kwamba nilimwamini. Hapana, niliona kijani kwa macho yangu haya mawili, nikatii njano ya kaka kwa sababu nilikuwa nimezoea kutii. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, mtoto akafa saa mbili na nusu kwenye mapaja ya mama yake, tumekwama nyuma ya lori la mchanga, na binti yangu akaendelea kumnyonyesha mpaka tukafika, mimi nikamwacha.

Kaka alikuja mlangoni na wanafunzi wake sita, akafunua khanga, akabonyeza tumbo, akajua. Nilimwona akijua. Kisha akamgeukia mpwa wake mbele ya wale vijana, akasema, “Mbona umechelewa kumleta?” Nami nilikuwa nimesimama pale na simu yenye picha mfukoni, nikanyamaza, na kwenye faili akaandika: mzazi alichelewa.

Mwezi Mei 2013 hospitali iliandaa chumba chenye skrini na kamera, ili madaktari wa upasuaji wawaone watoto walio mbali pamoja na muuguzi aliye nao. Katika kikao, daktari mmoja aliogopa kushtakiwa, mwingine akasema mtandao ukikatika atalaumiwa nani, kijana mmoja tu ndiye aliyeomba wajaribu, ndipo kaka akasimama akasema tumbo la mtoto linaguswa, halitazamwi, na kwamba aliwahi kumpoteza mtoto wa mpwa wake kwa sababu mama alikaa na simu badala ya kukaa na gari. Wakampigia makofi. Chumba kile kikawa stoo ya magongo.

Basi kila mama wa mbali akawa anasafiri siku mbili na mtoto mwenye mshono, analala sakafuni kwenye korido, anaingia, kaka anabandua plasta, anasema nzuri, nenda, na mama anarudi siku mbili nyingine. Mlimsifu kwa hilo, mkasema daktari wa kweli hataki mambo ya simu. Picha haikumuua mjukuu wangu, jamani, na hata leo ningeipiga tena kwenye mwanga mzuri zaidi. Upande wangu wa simu kulikuwa na mtu aliyeona, na mkubwa hakutaka kumsikia, na ili asikiri hilo akailaumu simu.

Kuhusu ugonjwa, alianza kuumwa Novemba 2021, akaficha, na mficha maradhi kifo humuumbua, Februari ikaonekana ni saratani ya kongosho. Nilihamia kwake nikamuuguza, nikamsafisha, nikamlisha. Alipoanza kuwa manjano alikuwa akiniuliza kila asubuhi macho yake yana rangi gani, nami nilimjibu, “Nikupige picha, kaka, ujionee?” Ndiyo, nilimwambia hivyo mtu anayekufa, na zaidi ya mara moja.

Tarehe 29 Mei aliniambia, bila mimi kuuliza, “Ilikuwa kijani.” Nikasema ndiyo. Nikamwomba tumwite binti yangu aje amwambie mwenyewe. Akafumba macho akasema, “Mwache. Ameshazoea.” Alifariki tarehe 2 Juni 2022, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitano, miezi miwili na siku kumi na tisa.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, hasa kijana yule wa kwenye kikao, ambaye sasa ndiye mkuu wa kitengo na ameyatoa magongo yale, majirani mliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake mliokuja na basi zima. Mwanasheria wa familia akinikasirikia, nipo.

Na wewe mwanangu, uliyekaa safu ya nne, ambaye tangu siku ile unafika kila mahali saa mbili kabla ya wakati, watu wanacheka, mumeo alichoka akaondoka, na hukuzaa tena kwa sababu ulisema mama anayechelewa hafai kupewa mwingine: hukuchelewa. Ulimleta saa ile ile. Nilichelewa mimi, saa kumi na tano siku ile, na karibu miaka kumi na miwili baada yake, kwa sababu kila ulipolia niliona ni rahisi ulie wewe.

Naona umesimama. Mpisheni, tafadhali, msimshike mkono, msimwambie mama ni mama. Mpisheni apite.

Kaka, wewe pumzika, amani yako unayo humo ndani. Yangu imetoka nje sasa hivi.