Gashe Wubishet na Mstari wa Sita

Bwana wetu Ato Wubishet Agonafir, tunayemwita Gashe kwa heshima ya kaka mkubwa, anastaafu leo, tarehe 30 ya mwezi wa Sene, 2016 kwa kalenda yetu iliyo nyuma ya ile ya dunia kwa miaka minane, siku mwaka wa fedha wa serikali unapofungwa. Ameitumikia ofisi ya kebele, yaani ya mtaa, namba 02 hapa Shola Ber kwa miaka thelathini na miwili na miezi kumi. Kamati ya sherehe imenipa ukurasa mmoja na nusu, ikaniomba niandike ya kuchangamsha na nisitie siasa. Nimejitahidi. Lakini mtu aliyeandika vitambulisho vya mji mzima humsifu vipi bila kutaja alichokiandika? Kamati itanisamehe. Jina langu ni Yeshimebet Ayalneh, mtunza muhuri, na meza yangu imekaa karibu na yake tangu mwaka 1990.

Aliajiriwa kwa sababu ya mwandiko tu. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mwembamba, suruali kaifunga kwa kamba, lakini herufi zake zilisimama kama askari wa gwaride. Waliomwajiri hawakujua kwamba hawezi kunyamaza, na walilijua hilo kabla wiki haijaisha. Wachumba wa mji huu walimpa barua zao awaandikie, naye aliongeza maneno yake humo bila kuwaambia. Ndoa mbili ninazozijua zimesimama juu ya maneno ambayo bwana harusi hakuyatamka kamwe.

Mwaka 1987, katiba mpya ilipotoka, alipelekwa semina ya siku tatu kufundishwa maana ya shirikisho. Alirudi na daftari jipya na mkoba wa plastiki, akaitisha watu uwanja wa mnada wa ng'ombe. Akawaambia shirikisho ni nyumba moja yenye vyumba vingi. Kila mmoja ana chumba chake na ufunguo wake, ndani anasema lugha yake na kulea watoto wake apendavyo. Ua, kisima na lango kuu ni vya wote. Hakuna wa kuingia chumbani kwa mwenzake bila hodi, na hakuna wa kuliziba lango.

Watu walipiga makofi. Ndipo Emama Tsige, aliyekuwa akiuza kahawa pembeni, akauliza bila hata kuinua macho kwenye jebena, birika lake la udongo: "Na anayelala kizingitini je, mwanangu?"

Tulicheka sana. Gashe naye alicheka, akaliandika swali daftarini, akaahidi kuwapelekea wakufunzi. Aliwapelekea. Waliliandika na wao.

Nisije nikaonekana nabeza. Aliuamini mfumo huu, na alikuwa na sababu. Mzee mmoja wa upande wa chini alikuwa amedaiwa shamba lake miaka kumi na moja, kila mara akisimama mbele ya hakimu asiyemwelewa, mkalimani akifupisha machozi yake kuwa maneno manne. Siku ya kwanza aliporuhusiwa kujieleza kwa lugha ya mama yake, alieleza kesi yote, akamaliza, kisha akaomba kuieleza tena. Hakimu akamruhusu. Gashe Wubishet alirudi ofisini siku hiyo macho mekundu, akasema hata akifukuzwa kesho ameona alichokitaka.

Kisha wakaja wapimaji wa mpaka wa majimbo. Mji wetu umelala mtelemkoni, na sisi tulikuwa tukisema tu watu wa juu na watu wa chini, kama mtu anavyosema mkono wa kulia na wa kushoto. Majina yenyewe ya makabila sitayaandika hapa. Tumeyaandika ya kutosha. Wapimaji walivuta kamba, na kamba ikapita uani kwa Emama Tsige. Kitanda kikabaki jimbo moja, jiko likaenda jingine. Maafisa wa majimbo yote mawili walikuja kumkaribisha kwa bendera. Aliwanywesha kahawa wote, bendera akazifanya mapazia. Tume tatu zimekuja tangu siku hiyo kulitazama jambo hilo. Zote zilikula chakula cha mchana hapa, zikasifu nyama yetu, zikaondoka.

Sasa nifike kwenye kadi ya kitambulisho. Mstari wa kwanza jina, wa pili jina la baba, na kuendelea. Wa sita ni kabila. Kanuni inasema moja. Katika mji ambao watu wa juu na wa chini wameoana tangu enzi za mababu, mstari huo ulikuwa mwiba. Gashe akabuni utaratibu wake, ambao haumo katika kanuni yoyote. Aliyechanganya damu alimwandikia kwa penseli, akamwambia nenda kazungumze na wa nyumbani, wino kesho. Wengine walirudi na shangazi zao, wakagombana dirishani kwetu mpaka foleni ikafika barabarani. Binti mmoja alirudi mara sita. Gashe alifuta na kuandika, akafuta na kuandika, hakumkemea hata siku moja.

Yeye mwenyewe ni wa chini. Mkewe, Weizero Aregash, ni wa juu. Mwaka 2008 mtoto wao wa pekee, Natnael, alitimiza miaka kumi na minane, akaja dirishani kama wengine. Gashe akataka kumwandikia kwa penseli. Kijana akasema yeye hana la kwenda kuzungumza nyumbani: "Baba, andika yote mawili. Si ndivyo nilivyo?"

Baba mtu akaandika yote mawili, kwa wino, herufi ndogondogo ili yaenee, akaileta kadi mezani kwangu.

Sikuigonga muhuri. Ndugu zangu, naandika haya kwa sababu hakuna mwingine anayeyajua, na yeye hajayasema kwa mtu. Nilimwambia kadi yenye mawili haigongwi, nitapoteza kazi. Akairudisha kesho yake, nikaikataa tena. Nikamwambia, "Gashe, chagua. Wote wanachagua." Alinitazama, akakaa, akaandika kadi nyingine. Alichagua kabila la mama, kwa kuwa shule za upande wa juu zilikuwa zikiajiri walimu, na mwenye kadi ya juu alipata nafasi upesi. Alifanya hesabu ya mzazi. Nikagonga.

Natnael akawa mwalimu, tena mzuri. Mwaka 2014 njia zilipoharibika kwa machafuko, vijana wakaweka magogo barabarani na kuwauliza abiria kadi, bibi yake mzaa baba alifariki huko chini. Gashe alitangulia msibani. Kijana alifuata na basi la kesho yake, kwenda kumzika mama wa baba yake. Kwenye magogo wakasoma mstari wa sita, wakamteremsha. Mama muuza vitunguu aliyekuwa kiti cha nyuma yake ametusimulia kwamba alisema kwa upole, kwa lugha yao safi kabisa, "Baba yangu ni wa kwenu." Mmoja wao akamjibu, "Kadi haisemi hivyo."

Basi likaruhusiwa kuondoka. Yeye hakuonekana tena, akiwa hai au maiti, mpaka leo. Mama yule aliiokota kadi pale kwenye magogo alipopita akirudi, akaileta hapa kwa sababu anwani ilikuwa ya hapa. Ilirudi mezani kwangu, muhuri wangu juu yake haujafifia hata kidogo. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimeusema msemo huu maisha yangu yote, sikuwahi kuujua.

Gashe aliomboleza kwa kuja kazini. Asubuhi ya kwanza aliporudi alinimiminia gao la kolo, shayiri ya kukaanga, mezani kama afanyavyo kila siku saa nne, akaniuliza mguu wangu unaendeleaje. Kwa miaka miwili nimeitafuna shayiri hiyo. Angenitukana ningepona.

Kuhusu mafanikio, kamati inataka yatajwe. Ameandika kadi zaidi ya elfu arobaini. Hakuwahi kupokea hongo. Alilinusuru daftari la vizazi mafuriko ya mwaka 1998 yalipoingia ofisini, akalibeba kichwani maji yakiwa kiunoni. Na mwezi ujao inakuja kadi mpya, ya alama za vidole, isiyo na mstari wa sita. Afisa aliyekuja kututangazia alitegemea tutafurahi. Gashe aliuliza tu kwa nini haikuwezekana mapema. Afisa akaliandika swali.

Jana ilikuwa siku yake ya mwisho ya kuandika. Alizileta kadi nane kwenye sinia langu. Ya nane ilikuwa ya Natnael Wubishet, maana ya zamani imekwisha muda. Picha ileile. Mstari wa sita una yote mawili, kwa wino, bila penseli. Niligonga. Muhuri ukatoka mara mbili.

Gashe Wubishet, ofisi inakushukuru, na mji huu unakushukuru, wa juu na wa chini. Tunakutakia maisha mema wewe na Weizero Aregash, nami nakuomba msamaha mbele ya wote hawa. Ile kadi ya nane nimeiweka katika sanduku la dirishani, pamoja na nyingine ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua. Utaratibu unaujua, uliuanzisha wewe: kila Jumatatu dirisha likifunguliwa, majina yaliyomo husomwa kwa sauti, mpaka mwenyewe aitike. Jumatatu hii nitasoma mimi.